Usiku wa Wadi Shab

Ninaandika haya kwa mtu ambaye hivi sasa hajui mtu wake yuko wapi. Pengine umekaa nje ya chumba cha upasuaji. Pengine simu ya mwanao imezimwa tangu jana. Mimi nimepita hapo. Mpaka leo radi ikipiga usiku naamka, napita vitandani kuwagusa watoto miguu. Lakini nimepita, alhamdulillahi, na nitakueleza jinsi nilivyopitishwa.

Sisi ni watu wa Maskati, nyumbani tunasema Kiswahili. Mama yangu alizaliwa Unguja, akaja Oman miaka ya sabini pamoja na wengi waliorudi baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Mume wangu naye ana ndugu zake Unguja, na kiangazi kile, miaka kadhaa kabla ya korona, mdogo wake alikuja kututembelea. Kiangazi cha huku kinachosha roho. Quriyat, mji wa pwani ulio kwenye njia ile ile tuliyopita sisi, mwezi wa Juni 2018 ulipitisha mchana na usiku mzima joto lisishuke chini ya nyuzi 42.6. Skuli zimefungwa, watoto wako ndani na kiyoyozi, wanagombana kwa sababu ya rimoti ya televisheni. Ndiyo maana watu hukimbilia wadi, makorongo yaliyochongwa na maji katika milima ya Hajar, kwenye mabwawa ya maji baridi na kuta ndefu zinazozuia jua.

Tulikwenda Jumamosi moja ya Agosti. Tulisali Alfajiri, tukapakia tende, sambusa, majagi mawili ya maji na barafu, tukatoka. Mimi, mume wangu, shemeji yangu na watoto watatu: binti yangu mkubwa wa miaka kumi na minne, mwanangu wa kiume wa miaka kumi, na mdogo wao wa miaka mitano.

Wadi Shab iko karibu na Tiwi, kama saa moja na nusu kwa gari kutoka Maskati ukielekea Sur. Unaacha gari chini ya daraja la barabara kuu, unavushwa kwa kiboti, halafu unatembea. Mwanzo ni mashamba ya mitende na migomba, na falaji, ule mfereji wa kale wa maji, unapita ubavuni mwa jabali. Halafu kuta zinakaribiana. Asubuhi jua haliingii kule ndani. Kuna mawe makubwa meupe, maji ya kijani yaliyotulia, na samaki wadogo wanaokuja kunyonya vidole vya miguu. Mdogo wetu alicheka mpaka akakaa chini majini na nguo zake. Shemeji yangu aliniambia, "Shemeji, mmeficha pepo huku." Nilifurahi sana asubuhi ile. Nataka ulijue hilo, kwa sababu kwa muda mrefu nilishindwa kuikumbuka furaha ile bila ya kuogopa.

Pahala pamoja shemeji alisimama akaonyesha gogo la mtende lililokwama baina ya majabali mawili, juu kupita mkono wa mtu mzima aliyeunyoosha. Akauliza limefikaje pale. Mume wangu akamwambia, wadi ikishuka hulileta. Milima ya huku ni mawe matupu, haina udongo wa kunywa maji, na mvua ikinyesha juu, yote hutafuta korongo. Akamweleza kwamba kiangazi upepo wa bahari hupanda milimani mchana, ukageuka wingu, ikanyesha kule juu na pwani kweupe. Mume wangu anapenda kueleza mambo. Watoto walishatangulia mbele, nasi tukawafuata.

Tulipanga kubaki ndani mpaka alasiri. Adhuhuri jua husimama juu ya korongo, kuta zikatoa joto, na mtoto wa miaka mitano humtembezi juu ya mawe saa ile. Tukala chini ya jabali lililoinama, tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya, kama wasafiri. Wageni wachache tuliowakuta walikuwa wamekwisha kutoka.

Kivuli kiliporudi, saa nane hivi, tukaanza njia. Karibu na lile gogo kulikuwa na jiwe la kuvuka, laini, limelowa. Mume wangu alimbeba mdogo, akamkabidhi kwa ami yake upande wa pili. Aliponyanyua mguu wake wa pili, ukamponyoka. Niliusikia mfupa kabla sijamsikia yeye.

Mfupa wa muundi ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Mguu ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Binti yangu mkubwa hakupiga ukelele. Alivua mtandio wake akanipa. Tukamfunga gango kwa vipande viwili vya kuti la mtende, na yeye mwenyewe, jasho linamtoka, akawa anatuambia kaza hapa, legeza pale. Simu zetu zote hazikushika mtandao. Kule ndani hazishiki.

Ilibidi mtu atoke kutafuta msaada. Shemeji ndiye mwenye nguvu. Lakini shemeji alikuwa na wiki mbili tu Oman, hajui Kiarabu zaidi ya salamu na cha msikitini. Mwanangu wa kiume akasema, "Mimi nitakwenda na Ami, niseme." Mtoto wa miaka kumi. Baba yake akamwambia ende. Nilimfunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa fulana ya njano. Nikawatazama mpaka wakapotea nyuma ya jabali, yeye mbele, ami yake nyuma.

Haikupita nusu saa.

Kwanza ulikuja upepo. Upepo baridi, mwezi wa Agosti, una harufu ya udongo uliolowa. Juu yetu mbingu ilikuwa buluu, haina hata wingu. Halafu maji ya bwawa yakaanza kubeba majani na povu. Halafu yakabadilika rangi. Mume wangu aliyatazama, akanitazama, na uso wake ukawa mwingine. Alisema neno moja tu: "Juu."

Tulimburura. Sina neno jengine. Mimi na binti yangu, yeye anajisukuma kwa mguu mmoja na viwiko, mdogo tumemtanguliza mbele yetu anapanda kwa mikono na magoti huku analia. Tukafika kwenye gogo. Mume wangu akasema bado. Tukapanda juu ya gogo, mpaka kwenye ubao wa jabali, upana wake unatosha watu wanne wakikaa. Hapo ndipo tulipousikia mlio. Kama lori linamwaga mawe, na mzigo hauishi.

Wadi ilishuka. Maji ya kahawia, na ndani yake mawe, miti, mbuzi mmoja. Lile bwawa la kijani alilocheza mtoto wangu asubuhi halikuonekana tena. Gogo liling'oka mbele ya macho yetu. Lilikaa pale sijui miaka mingapi, na lilikwenda kwa muda wa mtu kutamka jina lake. Maji yalifika pale lilipokuwa, yakabaki hapo hapo, chini ya miguu yetu, hayapandi wala hayashuki.

Binti yangu akaniuliza, "Mama, maji haya yanaelekea wapi?"

Nikamwambia, baharini.

Akanyamaza. Alijua. Na mimi nilijua. Baharini ndiko walikokwenda wao.

Sikulia. Nilihesabu. Wameondoka saa nane na nusu. Maji yamepita hapa saa tisa kasoro. Kutoka nje ni mwendo wa dakika arubaini na tano, kwa mtoto pengine saa nzima. Nikahesabu tena. Kila nilivyohesabu, walikuwa katikati. Walikuwa mahali pembamba kabisa. Nikahesabu tena.

Sijui.

Hilo ndilo lilikuwa neno la usiku ule. Sijui. Yuko hai, sijui. Ameshikwa mkono na ami yake, sijui. Alinililia, sijui. Mara nyingi nilisikia ananiita. Nilisikia "Mama", wazi, kwa sauti yake. Yalikuwa mawe.

Magharibi ilipoingia tukasikia helikopta. Ikaja juu yetu. Tulipunga mitandio, tukawasha tochi ya simu. Ilizunguka. Korongo lilikuwa limeshaingia giza, na kuta zinakaribiana mno. Ilizunguka tena. Ikaondoka. Tuliusikia mlio wake unapungua mpaka ukazimwa na maji.

Hapo nilifika mwisho wangu.

Nitalisema kwa sababu pengine na wewe upo hapo, na unadhani ni wewe peke yako. Nilitazama maji na nikatamani kuteremka. Si kwa kutaka kufa. Nilitaka kuelekea kule alikokwenda mwanangu, basi. Mume wangu alinishika mkono. Mguu wake ulikuwa umevimba, anatetemeka kwa homa, lakini alinishika mkono kwa nguvu zote mpaka asubuhi nilikuwa na alama za vidole. Hakuniambia ushujaa. Aliniambia, "Huyu mdogo hajala."

Nikampa mdogo tende. Nikamimina maji ya kwenye jagi, yalibaki kidogo, nikampa. Nikampa binti yangu. Nikampa baba yao. Ikafika sala. Tukatayamamu juu ya jabali, mume wangu akasali amekaa, mguu ameunyoosha mbele. Nikasoma dua ya Nabii Yunus, ile aliyoiomba ndani ya tumbo la samaki, nikairudia, nikairudia. Sikuhisi utulivu wowote. Wengine husimulia kwamba waliteremkiwa na amani. Mimi sikuteremkiwa. Niliteremshiwa kazi ndogo ndogo: mfunike huyu, mgeuze yule, soma tena. Nikimaliza moja, ipo nyengine. Sasa naamini kwamba ile ndiyo iliyokuwa rehema, ilikuja hivyo.

Kabla ya usiku wa manane mlio ulipungua. Wadi hupungua upesi kama ilivyokuja. Lakini hatukuweza kushuka, tope limejaa, hatuoni, na baba hawezi. Mdogo alilala mapajani mwangu. Binti yangu hakulala. Alikuwa ananisomea Ayatul Kursi sikioni, sauti imemkauka, yeye mtoto, ananisomea mimi.

Alfajiri, kweupe hakujakuwa sawasawa, nikasikia mtu anaita kwa Kiarabu. Sauti ya kweli safari hii, kwa sababu binti yangu naye alisimama. Alikuja mzee mmoja mwenye shamba la migomba pale mdomoni mwa wadi, yuko na kijana wake wa Kibangali na watu wawili wa uokoaji, wamejifunga kamba. Mzee alipotuona alipaza sauti kabla hajatusalimu. Alisema, mtoto yuko salama, yuko kwangu, amelala.

Sikumwamini. Nikamuuliza, amevaa nini?

Akasema, fulana ya njano.

Miguu iliniishia. Nilikaa pale pale juu ya mawe, nikalia kilio nilichokiweka usiku kucha, na mzee akageuza uso pembeni kwa heshima, akawa anashika istighfari.

Mambo yalikuwa hivi. Walipofika karibu na mashamba, mzee huyo alikuwa juu kwenye falaji, akausikia mlio kabla yao. Akapiga ukelele. Shemeji yangu aliusikia lakini hakujua anaambiwa nini, akadhani wamekanyaga shamba la mtu, akasimama kuomba radhi. Mwanangu ndiye aliyefahamu. Alimshika ami yake kanzu akamvuta jabalini. Walipanda mpaka kwenye falaji, na maji yakapita chini yao. Mzee akawatembeza juu ya ukingo wa mfereji mpaka kibandani kwake, akapiga simu 9999, ndiyo maana helikopta ilikuja. Akawapika wali. Shemeji anasema mtoto hakula mpaka alipoambiwa kwamba asubuhi watakwenda kumchukua mama yake.

Mume wangu alitolewa kwa machela, helikopta ikampeleka hospitali. Alitiwa vyuma mguuni. Alikaa miezi bila kazi. Mama mkwe alihamia kwetu na sanduku lake moja, hakuuliza kama tunamhitaji. Ndugu wa Unguja walifanya khitma ya shukrani, ndugu wa huku walilipa kodi ya nyumba kwa zamu na hawakutuambia nani katoa kiasi gani. Mambo ya fedha yalikuwa mazito, lakini yalibebwa na wengi, yakapita.

Watoto walikuwa kazi ya muda mrefu zaidi. Mdogo alisahau haraka, anakumbuka mbuzi tu. Mwanangu wa kiume hakutaka kuoga. Ukifungua mfereji bafuni anatoka mbio. Tukamfuta kwa kitambaa, bibi yake akamwekea maji ndani ya bakuli, kidogo kidogo, anamsimulia hadithi za Makunduchi huku anamwosha mkono mmoja, kesho mkono wa pili. Kilichomtoa hasa ni mguu wa baba yake. Daktari alimwagiza baba afanye mazoezi ya kutembea ndani ya bwawa la kuogelea, maji ya kiunoni, na alihitaji mtu wa kumshika. Mwanangu alisimama ukingoni siku nyingi akimtazama baba yake anachechemea ndani ya maji peke yake. Siku moja akaingia. Hakusema kitu, alimshika mkono tu. Baba na mtoto walijifunza kutembea majini pamoja, na aliyepona nani kwa sababu ya nani mimi sijapambanua mpaka leo.

Binti yangu mkubwa alikuwa imara, anapika, anasoma, anawasaidia wote. Yeye alianguka baadaye, karibu mwaka ulipokwisha, siku ya kawaida kabisa, darasani. Alitetemeka, hakuweza kusema. Tulimpeleka kwa daktari wa mambo ya nafsi, na wapo jamaa walionong'ona, nikawaacha wanong'one. Alikwenda miezi mingi. Kama unaye mtoto ambaye katika msiba wenu ndiye aliyekuwa nguzo, nakuomba kwa mapenzi, mtazame huyo. Usingoje aombe.

Tulirudi Wadi Shab mara moja, wakati wa baridi, kumpelekea mzee halua na kanzu. Tulikaa naye kibandani, tukanywa kahawa. Alituonyesha alama juu ya jabali la shamba lake, mahali maji yalipofika wakati wa kimbunga Gonu, Juni 2007, juu sana kupita ya siku yetu. Shamba lote lilikwenda, akapanda upya. Mwanangu alikaa karibu naye muda wote, bega kwa bega, hawazungumzi.

Hofu ipo. Aprili 2024, habari zilipotangaza wanafunzi waliochukuliwa na wadi wakiwa garini kule Mudhaibi, nilizima televisheni nikaenda kukaa sakafuni chumbani. Mume wangu alikuja akakaa nami. Niliwalilia mama zao. Wao pia walihesabu saa, na jibu walilopewa silo nililopewa mimi. Kwa nini mimi niliambiwa fulana ya njano, sijui. Nashukuru na kichwa changu kimeinama, na dua zangu za usiku haziishi bila ya kuwataja.

Watoto wamekua. Kiangazi wanakwenda tena kwenye wadi pamoja na binamu zao, Wadi Bani Khalid zaidi, kwa kuwa mabwawa yake yako mahali pa wazi. Wanaondoka usiku, wanaogelea asubuhi kuna kivuli, na kabla ya adhuhuri wako ndani ya gari. Mwanangu ndiye anayeangalia taarifa za mvua za milimani, na akisema leo hapana, hata binamu zake wakubwa hawabishi. Mimi hubaki nyumbani na simu mkononi. Wakipiga kwamba wametoka, ninajibu vizuri tu, lakini huwa nimeshasimama muda mrefu jikoni sijafanya kitu.

Mwaka huu mdogo wetu, ambaye sasa ni msichana wa kunizidi kimo, ameniambia anataka niende nao. Nimekubali. Nimenunua viatu vya maji, viko mlangoni. Niombee, nami usiku wa leo nitakuombea wewe na huyo unayemngoja. Na kama hujala tangu jana, kula kitu, hata tende moja.